Kuingia kwenye kiwanja chenye mnara kwa mara ya kwanza: kazi ya mnara na kazi yako

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina leseni ya rubani binafsi, na karibu saa zangu zote nimezirukia kwenye kiwanja kisicho na mnara wa kuongozea ndege, ambako kila mtu anatangaza alipo na tunapangana wenyewe. Sasa nataka kwenda peke yangu, kwa kanuni za kuruka kwa kuona, kwenye kiwanja cha ndege ndogo chenye mnara na njia mbili za kurukia zinazokwenda sambamba. Redio inanitisha. Niseme nini, na nianze lini? Nikishapewa ruhusa, mnara ndio utakaonitenganisha na wengine? Na nisipoelewa ninachoambiwa, au redio ikinifia njiani, nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Nianze na swali lako la kati, kwa sababu jibu lake litabadilisha namna utakavyoyashika hayo mengine. Hapana. Ukiruka kwa kuona, mnara haukutenganishi na ndege nyingine angani, angalau si kwa maana wanayoifikiria wengi wanaotoka viwanja visivyo na mnara.

Viwanja vingi vya namna hiyo vimezungukwa na anga ya daraja D, moja ya madaraja ya anga inayodhibitiwa. Katika daraja hilo, utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, unamtaka mwongoza ndege azitenganishe zile zinazoruka kwa vyombo, zenyewe kwa zenyewe. Wewe unayeruka kwa kuona unapewa taarifa: kuna Cessna mbele yako kidogo kulia, maili tatu, iko chini yako, inakuja upande wako. Kuitafuta, kuiona na kuikwepa ni juu yako. Ukitaka ushauri wa kuikwepa, omba, utapewa. Kitu ambacho mnara unakigawa kwa ukali hasa ni njia ya kurukia: nani anatua, nani anaingia, nani anavuka, nani anangoja pembeni. Huko angani unapanga foleni tu, na foleni hiyo inasimama kwa macho ya waliomo.

Kuna ajali ambayo kila mwanafunzi wangu huisoma kabla sijamruhusu kwenda kwenye mnara peke yake. Tarehe 16 Agosti 2015, katika kiwanja cha Brown Field, San Diego, Marekani, jeti ndogo aina ya Sabreliner iliyokuwa inarudi kutua iligongana na Cessna 172 iliyokuwa kwenye mzunguko wa kiwanja, ile njia ya mstatili ambayo ndege huizunguka kabla ya kutua. Watu watano walikufa. Ndege zote mbili zilikuwa zinawasiliana na mnara. Siku hiyo kulikuwa na Cessna 172 zaidi ya moja hewani, na mwongoza ndege alichanganya moja na nyingine: maelekezo yalikwenda kwa rubani ambaye hakuwa pale alipodhaniwa yupo, na jeti ikageuzwa kuelekea kwenye njia ya yule mwingine. Wachunguzi walilitaja kosa hilo kuwa sababu ya ajali, na miongoni mwa yaliyochangia wakataja mipaka ya mtindo wenyewe wa kuona na kukwepa. Mipaka hiyo unaijua hata kama hujawahi kuipa jina. Ndege mnayokwenda kugongana nayo haisogei kwenye kioo chako, inakaa pale pale na kukua, na jicho la binadamu hukimbilia kitu kinachosogea.

Ninachotaka ukipate hapo ni hiki: mwongoza ndege anaiona anga yake kwa sehemu kubwa kupitia sauti yako. Ukisema uko maili nane kusini kumbe uko kumi kusini-mashariki, umemchorea picha ya uongo, naye atawapa wenzako taarifa za ndege isiyokuwepo. Kwa hiyo usijitahidi kusikika kama nahodha wa shirika kubwa. Hao wanaozungumza kwa kasi ili waonekane wazoefu ndio wanaoambiwa "rudia" mara tatu. Jitahidi kuwa sahihi kuhusu ulipo.

Sasa, redio. Hofu yake inatibiwa nyumbani, mezani, siku moja kabla. Chukua karatasi uchore kiwanja: njia zote mbili na namba zake, maegesho, barabara za viungio na herufi zake, na mshale wa upande utakaotokea. Kisha chora mzunguko wa kila njia, pande zote mbili za upepo. Tuseme unatoka kusini na njia inayotumika ni 27 kushoto, mzunguko ukiwa wa mkono wa kushoto. Ndege inatua ikielekea magharibi, kwa hiyo mzunguko uko kusini mwa njia, upande uleule unaotokea wewe. Ile sehemu ya dauniwindi, inayokwenda sambamba na njia kinyume cha upande wa kutua, utairuka ukielekea mashariki, njia ikiwa kushotoni kwako. Kwenye beisi, kipande cha kukatiza kuelekea mstari wa njia, utaelekea kaskazini, na kwenye fainali, kipande cha mwisho kilichonyooka na njia, magharibi. Ukiwa umelichora hili, mnara ukikwambia uingie moja kwa moja kwenye beisi ya kushoto hutalazimika kuzungusha ramani kichwani huku unashika usukani. Upepo ukigeuka na njia ikawa 09, fahamu pia kwamba mzunguko wa kushoto utahamia kaskazini, na kwamba huenda wakakuleta kwa mkono wa kulia au wakuvushe juu ya kiwanja. Ni dakika ishirini za kazi ya penseli. Hakuna kifaa kinachofaa kuliko hiyo, hata kama una skrini ya GPS yenye rangi zote.

Soma pia NOTAM, yaani matangazo rasmi kwa marubani, na ramani ya anga ya eneo lile uone vituo vya kuripotia vya wanaoruka kwa kuona. Vituo hivyo vina ubaya wake: kila mtu anavilenga. Daraja la mto au kiwanda chenye bomba la moshi kikiwa kituo, ndege tatu zinaweza kukifikia kwa dakika ile ile na kwa kimo kile kile. Washa taa zote, pita kidogo kuliani mwa kituo badala ya juu yake, na macho yawe nje.

Kabla ya kuita, sikiliza ile taarifa iliyorekodiwa ambayo marubani huiita ATIS. Inakupa upepo, umbali wa kuona, mawingu, njia inayotumika, kanieneo ya hewa ya kuweka kwenye altimita, yaani kipimo cha kimo, na herufi ya taarifa yenyewe. Kanieneo usiipuuze: kosa la hektopaskali 10 ni karibu futi 300 za kosa la kimo, na mzunguko wenyewe kwa kawaida uko futi 1,000 tu juu ya kiwanja. Angalia pia kama hali ya hewa bado inakuruhusu. Kiwango cha ICAO kwa daraja D, chini ya futi 10,000, ni kuona umbali wa kilomita 5, na kukaa mita 1,500 kando ya mawingu na futi 1,000 juu au chini yake. Na ndani ya eneo la udhibiti la kiwanja, dari ya mawingu ikiwa chini ya futi 1,500 au umbali wa kuona ukiwa chini ya kilomita 5, hutui kwa kuona bila ruhusa maalumu. Ruhusa hiyo mara nyingi hawakupi mpaka uiombe mwenyewe. Kwa safari ya kwanza, hali ikifikia pa kuiomba, geuza urudi.

Lini uite? Fanya hesabu ya muda. Kwa kasi ya noti 100, yaani maili 100 za baharini kwa saa, unamaliza maili moja kila sekunde 36. Kama mpaka wa anga uko maili 5 kutoka kiwanjani na umeita ukiwa maili 15, una dakika sita za kupata jibu. Ukiita ukiwa maili 7, una sekunde 72, na humo ndani kuna mwanafunzi anayerudia maelekezo mara mbili na jeti inayoomba kuondoka. Mimi huita kati ya maili 12 na 15. Kabla ya kubonyeza kitufe, sikiliza masafa yale kwa dakika nzima. Utajua nani yuko wapi, njia gani inatumika kweli, na mwongoza ndege ana haraka kiasi gani.

Ujumbe wa kwanza una mpangilio wa kudumu. Nauandika kwa Kiswahili ili mantiki yake ikukae, ingawa redioni utausema kwa Kiingereza cha marubani: unayemwita, jina lako la mwito, aina ya ndege, ulipo, kimo, herufi ya taarifa uliyosikia, unachotaka. "Mnara, Alfa Bravo Charli, Cessna 172, maili 12 kusini, futi 2,500, tuna taarifa Delta, tunakuja kutua." Basi. Sehemu nyingine utaratibu ni kutaja jina la mwito kwanza na kungoja ukaribishwe kabla ya kumwaga mengine. Ukisikiliza wenzako utajua unaofuatwa pale. Na kama ni mara yako ya kwanza, ongeza mwishoni kwamba wewe ni mgeni katika kiwanja hicho. Si aibu. Mwongoza ndege akilisikia hilo hupunguza kasi na kuacha kutumia majina ya mitaa ambayo wenyeji tu ndio wanayajua.

Kuhusu mpaka wa anga, jua sheria ya nchi unayorukia, maana hazifanani. Kwa utaratibu wa ICAO, kuingia daraja D kunahitaji ruhusa inayotamkwa. Marekani inatosha mawasiliano yawe yamefunguka pande mbili: mwongoza ndege akitamka jina lako la mwito na kusema subiri, umeshawasiliana naye na unaweza kuingia, akisema tu "ndege inayoita, subiri", bado. Kwingine kote usidhani "subiri" ni mlango uliofunguliwa. Kaa nje, zunguka mahali penye alama unayoijua ardhini, ngoja zamu yako.

Kurudia maelekezo ndiko kunakowachanganya wageni, kwa kuwa wanajaribu kurudia kila neno. Yaliyo ya lazima ni machache: njia ya kurukia, kanieneo, namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada), kimo, mwelekeo na kasi ulivyopangiwa, na ruhusa yoyote inayogusa njia ya kurukia, iwe ya kutua, kuruka, kuingia, kuvuka au kusimama kabla yake. Upepo na habari za ndege nyingine huna haja ya kuzirudia. Kwa ndege nyingine unajibu tu kama unaiona au bado unaitafuta. Ukali huu wa maneno una damu nyuma yake. Tarehe 27 Machi 1977, Boeing 747 mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia huko Tenerife, zikaua watu 583, na katikati ya mkasa ule palikuwa na rubani aliyeanza kuruka kabla ya kuruhusiwa na maneno ya redioni yaliyoeleweka kwa namna mbili. Ndiyo maana leo neno la kuruka, "take-off", halitamkwi redioni mpaka ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa.

Ukishaingia kwenye mzunguko utapewa namba: wewe wa pili, mfuate yule Cessna aliye kwenye beisi. Hapa kuna tabia mbaya ninayoiona kwa marubani wazuri kabisa. Wanasema "tunaiona" kwa adabu, wakitumaini kuiona baada ya sekunde kumi. Neno hilo ni zito. Ukilitamka, mwongoza ndege anakuachia wewe nafasi kati yenu na kugeukia wengine. Kama hujaiona, sema unaitafuta. Kama ni ndege kubwa kuliko yako unayoifuata, mambo ni hayo hayo, na kuna zaidi: ukiruka kwa kuona, kukaa mbali na msukosuko wa hewa inaouacha nyuma ni jukumu lako. Msukosuko huo unashuka, kwa hiyo kaa juu ya mkondo wake na uguse ardhi baada ya kupita pale ilipogusa yenyewe.

Njia mbili sambamba zinastahili tahadhari ya peke yake. Tarehe 12 Mei 2021, katika kiwanja cha Centennial karibu na Denver, Cirrus SR22 iliyoruhusiwa kutua 17 kulia ilipitiliza mstari wake wakati wa kugeuka kuingia fainali, ikaigonga Metroliner iliyokuwa inakwenda 17 kushoto. Cirrus ilishuka kwa parachuti yake inayobeba ndege nzima, Metroliner ikatua mwili ukiwa umeraruliwa, na hakuna aliyeumia. Bahati kubwa mno. Wachunguzi waliona kwamba Cirrus ilikuwa na kasi kuliko inavyoshauriwa, na kasi hupanua mgeuko. Piga hesabu mwenyewe: ukilaza ndege nyuzi 30 kwa noti 90, nusu kipenyo cha mgeuko ni kama mita 380, kwa noti 120 ni kama mita 670. Njia mbili za kiwanja kidogo zinaweza kuwa karibu kuliko tofauti hiyo. Kwa hiyo punguza kasi mapema, anza mgeuko mapema, soma namba ya njia kwa macho yako kabla ya kunyoosha ndege, na ukiona unapitiliza usiukaze mgeuko kwa nguvu ukiwa chini na polepole, kwa kuwa hapo ndipo mabawa hukosa nguvu ya kuibeba ndege, nayo ikaanguka. Ghairi kutua, paa, mwambie mnara. Ila unapoghairi, usikatize mbele ya njia ya pili.

Ruhusa ya kutua nayo inakuja kwa mila tofauti. Marekani unaweza kuipata ukiwa wa tatu kwenye foleni; nchi nyingi nyingine hungoja njia iwe wazi, na wewe unaambiwa uendelee na fainali tu. Kuambiwa uendelee hakukupi ruhusa ya kutua. Ukikaribia bila kuipata, uliza mara moja. Ukikosa jibu, ghairi.

Ukishagusa ardhi, usisimame njiani kushangaa. Toka kwenye kiungio kinachofuata unachoweza kukiingia salama, pita mstari wa kusimamia ndege nzima mpaka mkia, ndipo usimame. Mstari huo ni wa njano: miwili mizima na miwili ya vipande. Ukiukuta upande wa mizima, unakabili njia ya kurukia na huruhusiwi kuvuka bila ruhusa. Ukiukuta upande wa vipande, unatoka. Ukiwa na njia mbili sambamba huenda ukatakiwa kuvuka ya pili ili kufika maegesho. Hata kama umeelekezwa barabara nzima ya kwenda, usivuke njia yoyote mpaka uisikie ikitajwa kwa namba yake. Ukipotea, simama pale pale, mahali pasipo njia ya kurukia, na uombe uelekezwe hatua kwa hatua. Wamezoea.

Usipoelewa, sema hujaelewa, uombe warudie taratibu. Usijibu "sawa" ukitumaini maana itajitokeza. Na kuna jibu ambalo wageni wanaona kama utovu wa adabu kumbe ni haki yao: siwezi. Redioni ni "unable". Ukiambiwa ugeuke kwa ufupi nawe uko juu sana, au uongeze kasi kuliko uwezo wa ndege yako, au ufuate mwelekeo utakaokutia mawinguni, sema huwezi, ukiweza taja na sababu kwa maneno mawili. Mwongoza ndege haoni mawingu yako wala hajui mikono yako ina uzoefu gani. Atatafuta njia nyingine, na kwa kawaida anayo.

Redio ikinyamaza, tazama kwanza yale madogo: sauti imepunguzwa, masafa yamebonyezwa kimakosa, plagi ya hedifoni imechomoka, kitufe cha kuongelea kimenasa. Hicho cha mwisho ni kibaya kwa wote, kwa sababu kinaziba masafa mazima. Kama bado hujaingia kwenye anga ya kiwanja, usiingie. Nenda kwenye kiwanja kinachofaa kisicho na mnara, ukiwa unaona ardhi, utue. Kama tayari umo ndani, weka 7600 kwenye transponda, ruka mzunguko uliokwisha kuambiwa, na tazama mnara, kwa kuwa watakuonyesha taa. Kijani isiyokatika ni ruhusa ya kutua. Kijani ya kumweta: rudi utue, ungoje ile isiyokatika. Nyekundu isiyokatika: wapishe wengine, endelea kuzunguka. Nyekundu ya kumweta: kiwanja si salama, usitue. Ukiwa ardhini, nyeupe ya kumweta inakuambia urudi pale ulipoanzia kiwanjani. Mchana unajibu kwa kutikisa mabawa ukiwa angani, usiku kwa kuwasha na kuzima taa za kutulia mara mbili. Jifunze hizo kwa moyo, maana hutapata muda wa kufungua kitabu. Mnara ukiwa haujakuonyesha kitu na njia ina msongamano, usijipenyeze. Zunguka tena ili wapate nafasi ya kukuona. Na ukishaegesha, wapigie simu uwaambie uko chini.